Simu Nayo Yataka Hodi

Kuna neno la Kiswahili ambalo wazee wetu wa pwani walilijua vyema na ambalo siku hizi halisikiki sana. Neno lenyewe ni kudukiza. Kudukiza ni kutega sikio kwa siri ili uyasikie mazungumzo ya watu wasiojua kwamba wewe upo. Mwenye kazi hiyo huitwa mdukizi, na hakuna aliyefurahi kuitwa jina hilo. Mtoto aliyekutwa amesimama nyuma ya pazia hali watu wazima wanazungumza alivutwa sikio lile lile alilolitega, na hakuna aliyemwonea huruma.

Sasa kitendo hicho hicho kimepanda cheo. Kikifanywa na dola huitwa kunasa mawasiliano, na mfanyaji haitwi mdukizi bali afisa. Vijana wa kompyuta nao wamelichukua neno la jirani yake, kudukua, wakalitia kazi ya kuvunja mitambo ya watu. Na kuna neno la tatu, jasusi, tulilolipata kwa Waarabu. Msomaji aliyekaa chuoni atakumbuka kwamba neno hili lina shina moja na lile katazo lililomo katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, ambamo Waislamu wamekatazwa kupelelezana. Katazo hilo limewekwa baina ya dhana mbaya na kusengenya, na mpango huo si wa bure. Mtu huanza kwa kumdhania mwenziwe, dhana ikamtuma kudukiza, na aliyoyasikia yakamshinda kukaa nayo kimya.

Naandika haya kwa sababu katika miji yetu, toka Vanga hadi Kiunga, hofu ya simu imekuwa kama hofu ya jini. Mtu akisikia mkwaruzo simuni husema, "Wananisikiliza hao." Mzee akitaka kuzungumza habari za kijana wake aliyepotea huiacha simu chumbani, chini ya mto, ndipo atoke barazani aseme. Hofu hii haikuzuka hivi hivi. Tangu ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, na hoteli ya Kikambala ikafuatia tarehe 28 Novemba 2002, Mwislamu wa pwani amekuwa akitazamwa kwa jicho jengine. Wako vijana waliochukuliwa wasirudi, na wazazi wao wanaamini kwamba simu ndiyo iliyoonyesha njia. Lakini hofu isiyo na elimu humfanya mtu aogope lisilo na madhara na kuliacha lile la kuogopwa.

Zamani kudukiza simu ilikuwa kazi ya mikono. Sauti ilipita katika nyaya mbili za shaba kutoka nyumbani hadi kituo cha simu. Aliyepanda nguzoni, au aliyefungua kisanduku cha nyaya mtaani, aliweza kuunga nyaya zake juu ya zile, akatia chombo sikioni, akakaa kitako kusikiliza. Na kabla ya simu za kujipigia wenyewe kuenea, opareta aliyewaunganisha watu aliweza kusikia lolote akitaka, bila ya kupanda nguzo yoyote. Wakati ule mkwaruzo ulikuwa na maana yake, kwani nyaya zikiungwa vibaya husema.

Simu ya mkononi si hivyo. Sauti yako hugeuzwa tarakimu, ikafichwa inapopita hewani hadi mnarani, kisha ikafunuliwa katika mitambo ya kampuni ili ipelekwe kwa uliyempigia. Pale inapofunuliwa ndipo inapoweza kunakiliwa, na ikinakiliwa hapana mkwaruzo, hapana mwangwi, wala betri haipati moto. Mitambo ya simu ulimwenguni hutoka kiwandani ikiwa na mlango huo tayari, uliowekwa kwa ajili ya serikali. Basi yule anayelalamika kwamba simu yake yakwaruza, aghalabu simu yake yataka fundi. Na ile namba ya nyota, alama ya reli, ishirini na moja, wanayotumiana watu ati itakuonyesha kama simu yako imenaswa, kazi yake ni kukujulisha kama simu zinazokujia zimeelekezwa kwenye namba nyengine. Zaidi ya hapo haijui kitu.

Kuna chombo kingine chenye kujifanya mnara. Simu za karibu hudanganyika zikajifunga kwacho, hasa katika mtindo wa zamani wa mawasiliano ambao simu hujitambulisha kwa mnara lakini mnara haujitambulishi kwa simu. Na kuna wale wasiohangaika na njia bali huingia ndani ya simu yenyewe. WhatsApp ilianza mwaka 2016 kuyafunga mazungumzo yote kwa namna ambayo hata kampuni haiwezi kuyasoma njiani. Waliotaka kuyasoma wakatafuta dirisha jengine. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilikwenda kortini Marekani kuishtaki kampuni ya NSO ya Israel, ikidai kwamba programu yake iitwayo Pegasus iliingizwa katika simu na vyombo vipatavyo 1,400. Ukishaingiliwa hivyo, kufuli la njiani halikusaidii, maana mwizi yuko sebuleni.

Hata hivyo, linaloniogopesha mimi zaidi kuliko sauti ni daftari. Kila kampuni ya simu huandika nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, na akiwa karibu ya mnara gani. Daftari hilo halina neno hata moja la mazungumzo, na kwa hivyo watu hulidharau. Mchukue imamu wa msikiti wowote wa pwani. Hupigiwa simu na mamia ya watu: huyu ana suala la mirathi, yule kamwacha mkewe akiwa na hasira anataka kujua imepita talaka ngapi, mwengine ana maiti ya kuzikwa kabla ya magharibi. Mmoja katika hao akija kuwa mtu wa kutafutwa, daftari litasema tu kwamba imamu na mhalifu walizungumza dakika kumi na mbili usiku wa Ijumaa. Haliwezi kusema kwamba walizungumza habari ya talaka.

Na hata sauti ikisikika, inasikika na nani? Kiswahili chetu kina mitego. Neno shahidi kwetu ni mtu aliyeona jambo, na vile vile ni aliyekufa katika njia ya Mungu. Baba wa binti akipiga simu kusema, "Tunataka mashahidi wawili kesho baada ya alasiri, na wawe vijana wenye dini," kila mtu wa Lamu au Mvita anajua kwamba kuna nikahi. Aliyekaa mbali na vyombo masikioni, akasoma Kiswahili chake darasani tu, aweza kuandika jambo jengine kabisa katika ripoti yake. Simfanyii mzaha. Nasema kwamba mdukizi husikia maneno asiione harusi.

Wenzetu wameyapitia haya kabla yetu, na yafaa tuwatazame. Katika miaka ya 1920 Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe, na katika mji wa Seattle alikuwako Roy Olmstead, aliyekuwa afisa wa polisi kisha akawa mfanyabiashara mkubwa wa pombe ya magendo. Maafisa walizinasa simu zake kwa miezi kadhaa, nyaya zikiungwa nje ya nyumba. Mwaka 1928 Mahakama ya Juu ilihukumu, majaji watano kwa wanne, kwamba kwa vile hakuna aliyeingia nyumbani mwake basi hapana haki iliyovunjwa. Jaji Brandeis alikuwa miongoni mwa wanne waliopinga, akaonya kwamba dola itapata vyombo vya kuzitoa siri za mtu bila ya kufungua hata mtoto wa meza. Ilichukua hadi mwaka 1967, katika kesi ya mcheza kamari mmoja aitwaye Charles Katz aliyenaswa akiwa ndani ya kibanda cha simu, ndipo mahakama ile ikageuka, ikasema kwamba haki hii humlinda mtu wala haiishii kwenye kuta. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kumtaka polisi aende kwa jaji kwanza.

Lakini baina ya 1928 na 1967 ni miaka 39, na katika miaka hiyo mlango ulikuwa wazi. Oktoba 1963 Mwanasheria Mkuu Robert Kennedy aliidhinisha simu za Martin Luther King zinaswe, kwa hoja kwamba huenda kuna wakomunisti karibu naye. Waliokwenda kutafuta ukomunisti walimaliza wakikusanya mambo ya chumbani, wakayatumia kumtisha. Na hapa kuna jambo ambalo Waislamu tunapaswa kulijua. Muhammad Ali, baada ya kukataa kuandikishwa jeshini mwaka 1967 na kuhukumiwa kifungo, alikata rufani. Juni 1969, katika korti ya Houston, maafisa wa FBI walieleza kwamba Ali alisikika katika simu zilizokuwa zikinaswa. Zilizotegwa hazikuwa simu zake. Alikuwa amezungumza na King, na amezungumza na Elijah Muhammad, na mdukizi alikuwa kwenye nyaya za hao wawili. Yaani alinaswa kwa kuwa na marafiki. Hukumu yake ilitenguliwa Juni 1971 kwa sababu nyengine, lakini mfano ule wa kunaswa kwa kujuana na mtu haukwisha na Ali.

Waingereza, ambao sheria zao tulizirithi, walikuwa nyuma zaidi. Mfanyabiashara wa vitu vya kale aitwaye James Malone aligundua wakati wa kesi yake kwamba simu yake ilinaswa. Alipokwenda kortini mwaka 1979, jaji alimwambia kwamba hapana sheria ya Kiingereza inayokataza jambo hilo, na lisilokatazwa halina hatia. Malone akaenda Strasbourg, akashinda Agosti 1984, na mwaka 1985 ndipo Bunge la London likatunga sheria. Kabla ya hapo mambo yote yalikwenda kwa hati ya waziri.

Mimi nikisoma kesi hizi hujiuliza kwa nini imewachukua muda mrefu hivyo kulijua jambo ambalo mtoto wa Kiswahili hufunzwa kabla hajajua kufunga viatu. Sisi tuna hodi. Nyumba ya mtu, hata ikiwa mlango uko wazi na pazia linapepea, huingii mpaka ubishe hodi, na ukibisha mara tatu usijibiwe unarudi zako bila ya kununa. Asili yake tunaijua: Surat an-Nur imewaamrisha waumini wasiingie nyumba za wengine mpaka waombe ruhusa na kutoa salamu, na hizo mara tatu zimo katika mafunzo ya Mtume (S.A.W.). Nyumba zetu za zamani zimejengwa juu ya adabu hiyo. Kuna baraza kwa wote, kuna daka, kuna ukumbi, na kuna ndani, na kila hatua ina ruhusa yake. Simu imeitoa sauti ya ndani ikaipitisha juu ya nguzo na minara, lakini haikuifanya kuwa ya barazani. Na Mtume amemwonya mwenye kusikiliza maneno ya watu hali wao wanachukia, kwamba Siku ya Kiyama atamiminiwa risasi iliyoyeyushwa masikioni.

Watu watasema kwamba hayo ni ya mtu na jirani yake, na serikali ni jambo jengine. Basi na tutazame mkuu wa serikali mwenyewe. Imepokewa katika vitabu kwamba Sayyidna Umar alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti katika nyumba, akaruka ukuta, akamkuta mtu na pombe. Akamkaripia. Yule mtu akamwambia kwamba yeye amekosa moja, ilhali Khalifa amekosa matatu: amepeleleza na Mungu amekataza, amepita ukutani na Mungu ameamrisha kuingia nyumba kwa milango yake, na ameingia bila ya ruhusa wala salamu. Umar hakumwambia kwamba usalama wa dola unaruhusu. Alimsamehe, akatoka. Nawaachia wasomaji wapime ni afisa gani wa leo angeambiwa hivyo akaenda zake.

Lakini sitaki kudanganya kwamba dini imefunga mlango kabisa. Al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki Baghdad mwaka 1058, na sisi wa pwani ni Mashafii, aliandika juu ya kazi ya muhtasib, msimamizi wa mwenendo wa mji. Akasema hana ruhusa kuyachimbua maasi yaliyofichwa. Kisha akatoa lililo nje ya kanuni: akija mtu mwaminifu akasema fulani kajifungia na mwenziwe ili amuue, hapo inajuzu kupeleleza na kuharakisha, kwa sababu jambo likipita halirudishiki. Tazameni masharti yake. Kuna habari mahsusi, imetoka kwa mwenye kuaminiwa, inamhusu mtu anayejulikana, na hatari yake haina dawa baada ya kutokea. Mambo manne. Bomu linaingia humo bila ya shaka. Kijana aliyefuga ndevu na kupiga simu Mogadishu kwa mjomba wake haingii.

Sasa tuipime sheria ya Kenya kwa mizani hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, imelinda faragha ya mtu, na imetaja mawasiliano kwa jina. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 imesema, katika sehemu ya 36, kwamba afisa wa polisi asiyepungua cheo cha chifu inspekta aweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kunasa mawasiliano, baada ya kupata idhini ya maandishi. Mshukiwa hayupo kortini, jambo ambalo halina budi, maana huwezi kumwita mtu aje asikilize ombi la kumsikiliza. Lakini jaji yupo. Jaji ndiye hodi. Hapo Al-Mawardi asingekuwa na ugomvi mkubwa.

Desemba 2014, baada ya mauaji ya Westgate na Mpeketoni na Mandera, Bunge lilipitisha marekebisho katika kikao cha vurugu na kurushiana maji, na humo ikaingia sehemu ya 36A, inayoviruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ili kugundua na kuzuia ugaidi, kwa taratibu zitakazowekwa na waziri. Hapa jaji hatajwi. Wapinzani walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wakavifuta vifungu vinane vya sheria ile. Hiki cha kunasa mawasiliano wakakiacha. Nawaheshimu majaji, lakini katika hili nadhani walikosea. Maneno "kugundua ugaidi" hayamtaji mtu, na mtego usio na jina la mtu humnasa kila apitaye. Mwaka 2017 shirika la Privacy International la London lilitoa ripoti likidai kwamba idara ya ujasusi ina njia yake ya kuingia katika mitambo ya simu. Kampuni iliyotajwa ilikana. Raia wa kawaida hana namna ya kujua ni nani mkweli, na hilo peke yake latosha kuwa kasoro.

Yako mambo mawili yanayofanywa kwengine ambayo hayavunji ulinzi wowote. Marekani, aliyenaswa kwa amri ya jaji katika kesi za jinai huarifiwa baada ya kazi kwisha, na kila mwaka hutolewa hesabu ya amri ngapi zilitolewa na kwa makosa gani. Ujerumani nao wana sheria ya kumwarifu mtu pindi hatari inapokuwa imepita. Mama aliyekaa miaka akidhani simu yake inasikilizwa angepata barua, au asipate akajua kwamba haikuwa. Wabunge wetu wa pwani, ambao wakati wa kura hutukumbusha sana kwamba wao ni watetezi wetu, wangeanzia hapo.

Atasimama mtu aniulize: je, hukusikia habari za Jamal Khashoggi? Nimesikia. Aliingia ubalozi mdogo wa Saudia mjini Istanbul tarehe 2 Oktoba 2018 akauawa humo, na ulimwengu haungeyajua ya ndani kama Waturuki wasingekuwa na sauti zilizonaswa mle ubalozini. Agnès Callamard, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, alizisikiliza baadhi yake kabla ya kutoa ripoti yake Juni 2019. Nakubali kwamba kudukiza kule kuliifichua dhuluma. Lakini hakukumwokoa Khashoggi. Na watu wa karibu yake walikuwa wamewindwa na chombo kile kile cha Pegasus nilichokitaja. Chombo hakina dini. Chategemea kimeshikwa na nani.

Na sisi wenyewe tuko wapi? Tunaisema serikali, hali katika kila nyumba kumeingia mdukizi mdogo. Mume ajua nambari ya siri ya simu ya mkewe, na mke naye husubiri mume aingie chooni. Watu wanarikodi mazungumzo ya simu bila ya mwenzao kujua, kisha sauti ikatembea mji mzima kabla ya isha. Nimeona ndoa ya watu wenye watoto ikivunjika kwa sauti ya dakika tatu, iliyokatwa mwanzo na mwisho, na aliyeisambaza akajisifu kwamba ametoa ushahidi. Imepokewa kwa Mtume kwamba mtu akikuambia neno huku akigeuka kutazama kama kuna anayesikia, neno hilo ni amana. Hakuhitaji kusema "usimwambie mtu". Kugeuka kwake kunatosha. Sasa simuni mtu hana pa kugeukia, na sisi twafanya hiyo kuwa ruhusa.

Mimi nikitumiwa sauti ya namna hiyo humwuliza aliyenitumia kama mwenyewe alijua kwamba ananaswa. Wengi hawanijibu. Mmoja alinijibu kwamba mimi ni mtu wa zamani, kisha akanitumia tena.